"Kiwango cha Maonyesho" kwa Bei ya Boksi na Nusu: Namna ya Kupima Maneno ya Muuzaji wa Vijisanamu

Swali la msomaji:

"Nimeona seti ya vijisanamu vya vita inauzwa ikiwa imeshapakwa rangi: askari 24 wa miguu na nahodha mmoja juu ya farasi, vyote vya kipimo cha milimita 28. Muuzaji ameandika 'kiwango cha maonyesho', 'kazi ya mtaalamu mshindi wa tuzo', 'imepakwa kwa mkono'. Ameweka picha sita na zinapendeza. Bei yake ni kama mara moja na nusu ya seti hiyohiyo ikiwa mpya ndani ya boksi. Mimi mwenyewe sijawahi kushika brashi. Nitajuaje kama anachosema ni kweli?"

Jibu:

Anza na bei, ndugu yangu, maana bei imeshajibu nusu ya swali lako kabla hujafungua picha hata moja. Toa thamani ya boksi. Kinachobaki ni nusu ya bei ya boksi, na hiyo ndiyo malipo ya kupaka rangi vijisanamu 25. Igawe kwa 25 uone kila kimoja kimepata nini. Mpakaji mwenye mkono mwepesi, anayepanga kikosi kizima mbele yake na kupaka suruali zote kwanza, kisha mikanda yote, kisha nyuso zote, humaliza askari mmoja kwa saa moja hadi tatu, ukihesabu kusafisha, kuunganisha, kupiga praima (rangi ya kwanza inayozishikisha nyingine), kupaka rangi za msingi, kutia vivuli na kumalizia kitako anachosimamia. Kijisanamu cha maonyesho kwa maana halisi kinaweza kumla saa 30, na nimewaona watu waliokaa na uso mmoja wikendi nzima. Vijisanamu 25 kwa saa 30 ni saa 750. Hakuna anayeuza saa 750 za maisha yake kwa nusu ya bei ya boksi.

Kwa hiyo "kiwango cha maonyesho" si kweli. Naweza kulisema hilo bila kuiona seti yenyewe. Ila usikimbilie kufunga ukurasa, kwa sababu neno la uongo halina maana kwamba mali ni mbovu. Kwa bei hiyo unaweza kupata kikosi safi, chenye rangi zilizokaa vizuri, kitakachokufurahisha kila unapokipanga mezani. Au unaweza kupata takataka iliyokwisha kupakwa. Neno "maonyesho" haliwezi kukuambia ni kipi kati ya hivyo viwili, na ndiyo maana nakushauri uliweke pembeni kabisa. Swali la kumuuliza muuzaji ni kazi gani imefanyika. Kiwango tutakipanga wenyewe baadaye.

Tatizo la maneno hayo ni kwamba hayana mwenyewe. Dhahabu ina karati: ukiambiwa karati 18 unajua sehemu 18 kati ya 24 ni dhahabu, na sonara yeyote anaweza kupima akamuumbua aliyedanganya. Rangi juu ya kijisanamu haina kipimo cha namna hiyo. Kila muuzaji amejijengea ngazi yake: kuna "kiwango cha meza", kuna "meza na nusu", kuna "cha mkusanyaji", kuna "cha maonyesho". Juu ya zote hizo linapepea tangazo la Kiingereza utakalolikuta kila mahali, "pro painted", yaani "imepakwa na mtaalamu", lililochakaa kiasi kwamba wapakaji wenyewe hulitumia kwa utani wakikutana na kitu kilichomwagiwa rangi ya kuta. Mtaalamu, kwa maana ya tangazo, ni mtu aliyelipwa. Kulipwa hakujamfundisha mtu kupaka macho.

"Kiwango cha meza" angalau kina asili inayoeleweka, na asili hiyo ni umbali. Mchezo wa vita wa vijisanamu huchezwa watu wamesimama, askari wakiwa mezani, mkono mmoja au zaidi kutoka machoni. Kwa umbali huo unachohitaji ni rangi zisizovuka mipaka, kivuli kidogo kwenye mikunjo, na kitako kilichomalizwa. Zamani mashindano mengi ya mchezo yalitaka rangi tatu tu kwa kila askari, na walikuwepo waliotimiza sharti hilo kwa dakika tano, nukta moja ya rangi ya tatu ikiwa kwenye buti.

Ngazi ninayoijua yenye mwenyewe ni ya Games Workshop, kampuni ya Uingereza inayotengeneza mchezo wa vita wa Warhammer. Wao wana Battle Ready, ambayo maana yake ni kwamba sehemu kuu zote zina rangi na kitako kimekamilika. Juu yake kuna Parade Ready, ambako huongezwa mng'ao, yaani rangi angavu kwenye kingo, na madoido mengine. Katika toleo la Warhammer 40,000 lililotoka 2020, jeshi lililofikia Battle Ready lilimpatia mchezaji pointi 10 kati ya 100. Muuzaji akikuandikia kwamba seti ni Battle Ready, amekuahidi kitu kinachoweza kukaguliwa. Ni kitu kidogo, lakini kinakaguliwa, na mimi namwamini zaidi huyo kuliko anayeniahidi mbingu.

Sasa hili la tuzo. Tuzo hupewa kijisanamu, si mkono. Mtu anaweza kuwa alitumia miezi minne juu ya shujaa mmoja, akapata medali, kisha akapaka kikosi cha kuuza usiku huku akisinzia. Uwezo wake ni wa kweli, lakini hukuuziwa uwezo, umeuziwa alichokifanya. Hata hivyo dai la tuzo lina faida moja: linapimika. Muulize ni shindano gani, mwaka gani, kundi gani, na kijisanamu kipi. Mashindano ya kupaka vijisanamu ya Golden Demon, ya Games Workshop haohao, kwa mfano, yalianza 1987, na picha za washindi huchapishwa. Mshindi wa kweli hujibu swali hilo kwa furaha na kukutumia picha kabla hujamaliza kuuliza. Asiye mshindi hukasirika.

Ujue pia kwamba medali hazifanani. Katika mashindano mengine wa kwanza ni mmoja tu katika kundi lake. Katika mengine, kama maonyesho maarufu ya Chicago, hutumika mfumo wa wazi: waamuzi hupima kila kazi kwa ubora wake yenyewe, na kila iliyofikia daraja la dhahabu hupewa dhahabu, hata zikiwa nyingi. Medali ya namna hiyo ni heshima nzuri, ila haisemi kwamba mtu aliwapita wenzake. Halafu kuna "tuzo" ya duka dogo ambako washindani walikuwa wanne na wawili kati yao ni ndugu.

"Imepakwa kwa mkono" lipite tu. Kampuni ya Preiser ya Ujerumani hutengeneza watu wadogo wa reli za mfano kwa kipimo cha 1:87, wenye kimo cha milimita 20 hivi, na wengi wao hupakwa kwa mkono. Wanapendeza kwenye stesheni zao, na hakuna anayewaita kazi ya maonyesho. Mkono ni njia ya kupakia. Mkono wa nani, na kwa muda gani, ndilo suala.

Twende kwenye picha, maana hapo ndipo utakaponunulia.

Askari wa milimita 28 akijaza kioo kwa sentimita 14, umemkuza mara tano. Kosa la sehemu ya tano ya milimita, ambalo mezani usingelijua kamwe, linakuwa milimita nzima mbele yako. Ndiyo maana wapya wengi hukataa kazi nzuri kwa sababu picha imefichua kidonda ambacho jicho halikioni. Lakini picha hiyohiyo hudanganya pia upande wa pili. Simu nyingi za sasa hulainisha picha zenyewe bila kuombwa, na ulainishaji huo hugeuza mipaka ya rangi iliyokatika vibaya kuwa mabadiliko laini ya kupendeza. Mwanga mkali kutoka juu huchora vivuli ambavyo mpakaji hakuvipaka. Pazia jeusi nyuma humeza kingo ambazo hazikuguswa na brashi.

Kwa hiyo zihesabu zile picha sita kwa namna tofauti. Usihesabu ngapi zinapendeza. Hesabu zinaonyesha pande ngapi. Mara nyingi utakuta zote sita zimepigwa kutoka mbele, juu kidogo, na askari ni walewale wanne wamebadilishwa nafasi. Wale 20 wako wapi?

Omba picha hizi: kikosi kizima pamoja, mbele na nyuma, karibu na dirisha mchana, taa ikiwa imezimwa; askari mmoja akiwa kando ya rula ili ujue umemkuza kiasi gani; nahodha na farasi wake kwa pande zote mbili na kutoka nyuma. Kisha omba moja ambayo kwangu ina thamani kuliko zote: mwambie akuonyeshe kilicho kibaya kuliko vyote katika seti. Nimelitumia swali hili kwa miaka na bado linanishangaza. Mpakaji wa kweli anakijua kibaya chake kwa jina. Atakuambia, "Huyu wa upinde, mkono wake wa kushoto sikuupenda, na ngao ya yule pale ilipata nywele ya brashi." Mtu anayekujibu kwamba vyote ni bora sawasawa, ama hakuvipaka yeye, ama hana jicho la kutofautisha, na yote mawili ni habari unayoihitaji.

Picha zikija, uangalie nini? Mimi huanza na mshono wa kalibu. Kijisanamu hutoka kwenye kalibu yenye nusu mbili, na pale nusu hizo zinapokutana hubaki ukingo mwembamba unaopita mabegani, kando ya miguu, na juu ya kofia. Mpakaji anatakiwa kuukwangua kwa kisu au kuupiga msasa kabla ya praima. Ni kazi ya kuchosha isiyo na sifa, na ndiyo maana inanieleza zaidi kuliko uso uliopakwa vizuri: aliyeruka hapa ataruka na pengine. Ubaya wa mshono ni kwamba rangi haiufichi. Rangi nyepesi ya kivuli hukusanyika kando yake na mng'ao hukaa juu yake, kwa hiyo mwisho wa kazi unaonekana kuliko mwanzo. Na haurekebishiki bila kuharibu rangi. Kwenye seti yako, shahidi ni farasi. Farasi wengi wa plastiki huja nusu mbili zinazounganishwa kwa gundi, na mshono hupita kutoka utosini, shingoni, mgongoni hadi mkiani, na tena tumboni. Kifua na matako ya farasi ndiyo sehemu za kutazama. Ukiona mfereji mweusi katikati ya kifua, ujue pengo halikujazwa, na kivuli kimelipigia mstari chini.

Baada ya mshono, tazama unene wa rangi. Tafuta mahali penye nakshi ndogo: vazi la minyororo, misumari ya ngao, vidole vinavyoshika mpini. Kama vidole vinne vimekuwa kipande kimoja kama kinga ya baridi, rangi ilipakwa bila kuongezwa maji, tena mara nyingi. Hilo ni kosa kubwa kuliko rangi iliyovuka mpaka, kwa sababu mpaka unaweza kuurekebisha hata wewe mwenyewe kwa brashi ndogo na subira, lakini nakshi iliyozikwa hairudi mpaka uondoe kila kitu. Kuna pia chembechembe kama mchanga mwembamba juu ya maeneo bapa. Hiyo ni praima iliyopulizwa kutoka mbali mno au kwenye hewa kavu yenye joto, ikakauka angani kabla haijatua. Picha ya karibu huionyesha vizuri kwenye vazi la mgongoni.

Vivuli navyo vina alama zao. Rangi ya majimaji ikikauka vibaya huacha duara lenye ukingo mweusi, kama doa la chai juu ya karatasi. Tazama mapaja ya farasi na ngao. Brashi kavu, ile mbinu ya kufuta karibu rangi yote kwenye brashi kisha kusugua juu ya kingo, hupendeza kwenye manyoya, mawe na minyororo, lakini ikisuguliwa mwili mzima huacha vumbi la chokaa kila mahali, hadi ngozi ya uso. Ni mbinu ya haraka, na kwa bei uliyotajiwa nategemea kuiona. Swali ni kama alijua pa kuishia.

Halafu kuna rangi za Contrast. Citadel, chapa ya rangi ya Games Workshop, walizitoa 2019: unapaka mara moja juu ya praima nyeupe, na rangi yenyewe hujikusanya kwenye mikunjo na kuwa nyepesi kwenye kingo, msingi na kivuli kwa mpigo mmoja. Tangu hapo kampuni nyingine zimetoa za kwao. Wapo wanaozidharau. Mimi sizidharau, nimeona vikosi vilivyopakwa kwa rangi hizi vikapendeza mno. Lakini zina tabia mbili za kuzijua ukiwa mnunuzi. Kwenye sehemu bapa hutua kwa mabaka. Na kwenye kingo zinazoshikwa kila siku huchubuka upesi kama hazikufunikwa vanishi. Muulize kama alizitumia. Si aibu, na anayejibu "ndiyo" bila kujitetea nampa alama.

Macho. Kila mnunuzi mpya hukimbilia macho, na si ajabu, uso ndio unaotuangalia. Lakini kichwa cha askari wa milimita 28 ni kama milimita nne au tano tu, na jicho ni sehemu ndogo ya milimita moja. Wapakaji wengi waaminifu huacha macho yawe kivuli tu chini ya nyusi, na mezani inaonekana sawa. Usimhukumu mtu kwa jicho ambalo hakulipaka. Mhukumu kwa alilolipaka vibaya: weupe pande zote na nukta nyeusi katikati, askari anakodoa kama aliyeona jini. Heri asingegusa.

Sitakaa sana kwenye mbinu za kujionyesha, maana sidhani utazikuta hapo. Muuzaji akikuambia chuma kimepakwa bila rangi ya metali, yaani kwa kijivu, nyeupe na nyeusi hadi kionekane kinang'aa, angalia kama weupe wote umetoka upande mmoja wa mwanga. Akikuambia tochi inamulika uso wa anayeishika, basi tochi yenyewe iwe angavu kuliko uso, na mwanga upungue kadiri unavyokwenda mbali nayo. Wengi hupulizia rangi ya machungwa kifua kizima wakaiita mwanga wa moto.

Kinachonihangaisha zaidi ni kile ambacho picha haiwezi kukionyesha kabisa, nami nililijua kwa kuumia. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mashujaa watatu wa rezini (utomvu wa kiwandani unaomwagwa ukagandia kwenye kalibu) kutoka kwa muuzaji niliyemwona mwangalifu. Picha zilikuwa za kweli, za pande zote, mwanga wa mchana. Kila nilichokuambia hapo juu nilikuwa nimekifanya. Mzigo ulifika, nikaanza kufungua plastiki ya kufungia, na rangi ikaja nayo. Ilivuliwa mgongoni kwa kipande kimoja, kama nyoka anayejivua gamba, rezini ikabaki tupu na safi chini yake. Vijisanamu vya rezini hutoka kwenye kalibu vikiwa na mabaki ya mafuta yanayopakwa ili visigande humo. Vinatakiwa kuoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya praima. Hakuviosha. Rangi ilikuwa imekaa juu ya mafuta, haikuwahi kushika.

Tangu siku hiyo huuliza maswali manne kabla ya kulipa, na nataka uyaulize na wewe. Vimetengenezwa kwa nini: plastiki, metali au rezini? Viliandaliwaje kabla ya praima? Rangi ni za kampuni gani na rangi gani? Vanishi ni ipi, na ilipakwa mara ngapi? Hili la tatu lina kazi mbili. Kwanza, siku askari akichubuka utajua rangi ya kununua ili uzibe. Pili, aliyepaka anakumbuka, au ameandika mahali. Anayeuza mali ya mtu mwingine hatakuwa na jibu. Huyo si lazima awe mwongo. Wengi hununua makusanyo ya watu na kuyauza, na hurudia tu maneno waliyoyakuta. Lakini asikuuzie "mshindi wa tuzo" ambaye hamjui jina.

Kuhusu vanishi, metali huihitaji kuliko plastiki. Askari wa metali ni mzito na mlaini juu, akianguka hujigonga kwa uzito wake, na rangi hutoka kwanza kwenye ncha ya panga na pua. Ukiona weupe kama ukungu juu ya nguo nyeusi, yaelekea vanishi ya kupuliza ilipigwa siku yenye unyevu mwingi hewani. Na kama nusu ya kikosi inang'aa na nusu imefifia, vilipakwa nyakati tofauti, au na watu tofauti. Kwa seti ya vijisanamu 25 hilo ni muhimu kuliko ubora wa kimoja kimoja. Kikosi cha kazi ya wastani kilichofanana, chenye vitako vya aina moja na rangi nyekundu ileile kutoka wa kwanza hadi wa 24, hupendeza kuliko mchanganyiko wa watano wa ajabu na 19 wa kulipua. Picha ya kikosi kizima ndiyo itakayokuambia, na ndiyo wauzaji huisahau.

Kama jibu la swali la kwanza ni rezini, na kampuni iliyotengeneza seti hiyo huiuza kwa plastiki, shtuka. Kuna watu wanaotengeneza kalibu kutokana na kijisanamu halali na kumwaga nakala. Rezini husinyaa kidogo inapogeuka kuwa ngumu, kwa hiyo nakala huwa ndogo kwa kiasi cha kuhisi, nakshi zake zimefifia, na viputo vya hewa hujificha kwenye vidole na ncha. Praima na rangi huficha mengi ya hayo. Omba picha ya chini ya kitako.

Na kama siku moja utavutwa kwenye askari wa zamani wa madini ya risasi, wale wa kizazi kilichofuata kampuni ya Britains ya Uingereza ilipoanza kumwaga askari wenye uwazi ndani mnamo 1893, karibu yote niliyosema geuza kichwa chini. Huko rangi ya asili iliyochubuka ina thamani kuliko rangi mpya iliyopakwa vizuri, na neno "kimekarabatiwa" ni onyo. Tazama pale palipochubuka: kama rangi imeingia ndani ya kidonda, ilipakwa baada ya kidonda. Unga mweupe juu ya risasi ni kutu yake. Huchochewa na mvuke wa asidi unaotoka kwenye mbao kama mwaloni, hivyo kabati zuri la zamani linaweza kuwa ndilo linaloila mali yake. Unga huo ni sumu. Usiupulize, na watoto wasiguse.

Basi mwandikie muuzaji wako leo. Usimshutumu kwa neno "maonyesho", halitakusaidia. Mwambie unaipenda seti, unaomba picha ya kikosi chote kwa nyuma, picha ya kifua cha farasi, na picha ya kibaya kuliko vyote. Kisha yale maswali manne, na namna atakavyovifunga kwa safari, kila kimoja kwenye sponji yake. Mshono wa farasi ukiwa umesafishwa, vidole vikiwa bado ni vidole, na wekundu ukiwa mmoja kikosini kote, nunua, hata kama maneno yake yote matatu ni chumvi. Kwa nusu ya bei ya boksi hiyo ni kazi uliyoipata kwa bei ya kutupa. Akikujibu kwamba picha sita zinatosha, nunua boksi jipya, na ile nusu iliyobaki nunua brashi mbili, praima na rangi sita. Ukifika hapo niandikie tena, nitakuambia uanze na rangi ipi.